Tupeane uzoefu: Kuwafuatilia waendesha pikipiki wa mashindano ya masafa marefu tukiwa Kigoma na Tabora

Mwanzisha mada, Ujiji
Ndugu zangu, naomba wale waliowahi kukesha wakimfuatilia mwendesha pikipiki wa mashindano ya masafa marefu watueleze walivyofanya na walichokiona. Nianze mimi. Iron Butt Rally ya Marekani, iliyoanza mwaka 1984 na ambayo siku hizi hufanyika kila baada ya miaka miwili, huchukua siku 11, na wanaowania nafasi za juu hufikia karibu maili 11,000, yaani kilomita 17,700 hivi. Hakuna njia moja ya kupita. Kila mshindani hupewa orodha ya mahali ambapo akifika huongezewa alama (pointi), akajichagulia atakakokwenda, akapiga picha kuwa ushahidi, kisha akawahi kituo cha ukaguzi kabla muda haujafungwa. Kwa hiyo hata mkazi wa huko hawezi kusimama kando ya barabara akatarajia kuwaona wakipita. Yeye na mimi wa Ujiji tunategemea taarifa za kila siku na, pale mshindani anaporuhusu, ramani inayoonyesha kifaa chake kilipo.

Mara ya kwanza nilimchagua mmoja nisiyemjua kabisa. Usiku wa nne nukta yake ilisimama kando ya barabara kuu, ikapita saa moja, mbili, hata tatu. Kule ulikuwa usiku wa manane, huku ni asubuhi na nina dagaa wa kupokea mwaloni, lakini sikuweza kuondoka kwa kuhofia kwamba ameanguka. Bando likaisha kabla sijajua lolote. Nilipopata jingine, bwana yule alikuwa ameshaingia jimbo la pili.

Mchangiaji, Urambo
Ndugu yangu, alikuwa amelala. Mashindano yale hutoa alama kwa mapumziko yenyewe, mradi mshindani athibitishe ameanza saa ngapi na amemaliza saa ngapi, kwa kuwa mtu aliyechoka huanza kukosea hesabu za njia kabla hajakosea barabarani. Tangu nilijue hilo, nukta ikisimama usiku wa kule huandika saa kwenye daftari na kuendelea na shughuli zangu. Ikisimama mchana mbali na mji, hapo ndipo roho inanidunda.

Kilichonivuta mimi ni jaribio dogo la chama kinachoandaa hiyo Iron Butt Rally: maili 1,000, yaani kilomita 1,609, ndani ya saa 24. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni takriban kilomita 1,250, nasi tuliosafiri na treni tunajua siku zinavyopita. Ushahidi wao mkubwa ni risiti za mafuta zenye saa na mahali. Nilicheka peke yangu, maana kwetu vijijini petroli huuzwa kwa chupa, na sijaona chupa iliyotoa risiti.

Mchangiaji, Tabora mjini
Mimi ni wa Dakar Rally, mashindano ya kuvuka jangwa, ambako utamu ni tofauti kwa sababu wote hupita njia moja na saa zao hulinganishwa kituo kwa kituo. Tangu mwaka 2020 mashindano hayo yako Saudi Arabia, ambako saa zao ni sawa na zetu, hivyo sihitaji kukesha. Mwaka 2023 Kevin Benavides alimshinda Toby Price kwa sekunde 43 tu baada ya wiki mbili za jangwa. Mwaka 2024 nilimfuata Ross Branch wa Botswana hadi akashika nafasi ya pili, na siku iliyonitesa ni ile hatua ya saa 48: ilipofika saa kumi jioni kila mmoja alitakiwa kulala kwenye kambi ya kwanza atakayoikuta, bila fundi wake na bila kujua wenzake wamefika wapi. Nilikuwa najua mengi kuliko wao, nami nimekaa barazani!

Mchangiaji, Kaliua
Samahanini kaka zangu, mimi sifuatilii mashindano. Mume wangu ni bodaboda, na mara nyingine hupata mzigo wa kupeleka Kigoma. Vituo vyangu vya ukaguzi ni simu zake: akifika Nguruka anapiga, akifika Uvinza anapiga. Katikati kuna mahali mtandao haushiki, na siku moja ya masika nilikaa kuanzia adhuhuri hadi saa mbili usiku bila simu ya Uvinza. Kumbe mnyororo ulikatika akasukuma pikipiki hadi kijijini. Nimesoma hapa habari za kifaa cha washindani nikakumbuka siku ile. Je, hicho kinachotuma mahali mtu alipo kwa setilaiti, bila kutegemea mnara wa simu, kinapatikana nchini, na malipo yake ya kila mwezi mtu wa bodaboda anaweza kuyamudu?