Maji ya kisima yamegeuka rangi ya kahawia katika bwawa jipya la kuogelea (Lubumbashi)

Mwenye bwawa, mtaa wa Golf

Jambo sana kwenu nyote. Tumemaliza kujenga bwawa la kuogelea nyumbani, lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.5, na tumelijaza kwa maji ya kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine uani kwetu. Maji yalipokuwa yakitoka kisimani yalikuwa maangavu kabisa, wala hayakuwa na tope. Jioni fundi aliyetujengea akatia klorini ya chembechembe, na kulipokucha bwawa zima lilikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa.

Maji hayanuki, na kuta hazitelezi kama zinavyoteleza mwani unapoota. Lakini kitambaa cheupe nilichofunga kwenye mdomo wa bomba linalorudisha maji bwawani kimepata doa la kutu lisilotoka kwa sabuni, na ngazi ya kwanza, iliyopakwa saruji nyeupe, imeanza kuonyesha madoa ya namna hiyo hiyo. Jirani mmoja ananishauri nimwage maji yote na kujaza upya. Mwingine anasema niongeze klorini maradufu mpaka rangi iondoke. Kabla sijamwaga lita 48,000 ambazo pampu imezivuta kwa taabu, kwa kuwa umeme hukatika mara kwa mara, naomba ushauri wa watu wanaoijua kazi hii.

Fundi wa pampu, Kampemba

Papa, tafadhali usimwage. Kisima ni kile kile, kwa hiyo maji utakayoyavuta upya yatakuja na kitu kile kile, nawe utakuwa umelipia umeme au mafuta ya jenereta mara mbili kwa tatizo moja. Zaidi ya hayo, tuko katika miezi ya mvua, na bwawa jipya likiachwa tupu wakati ardhi imeshiba maji, maji ya chini husukuma sakafu kutoka nje, na zege linaweza kupasuka au hata kuinuka. Bwawa la zege humwagwa wakati wa kiangazi, tena baada ya kuhakikisha kwamba maji ya ardhini yameshuka.

Fanya kwanza jaribio la ndoo. Chukua ndoo mbili nyeupe, uzijaze maji moja kwa moja kutoka kisimani, si kutoka bwawani. Katika moja tia chembe chache za klorini, ukoroge. Nyingine iache ilivyo. Ziangalie baada ya saa moja, kisha tena asubuhi. Ndoo yenye klorini ikigeuka kahawia huku nyingine ikibaki angavu au ikichelewa kugeuka, ni chuma kilichoyeyuka. Ikionyesha vipunje vyeusi, kuna manganizi pia, metali nyingine inayotoka ardhini kama chuma. Zote mbili zikiwa na wekundu tangu mwanzo, kisha udongo ukatulia chini wenyewe, hilo ni tope la udongo wetu mwekundu tu, na kazi yake ni nyepesi. Na kama ndoo zote zitabaki safi hadi kesho yake, basi kisima hakina kosa, na tutatafuta chanzo ndani ya bwawa lenyewe au katika mabomba yake.

Mwalimu wa kemia, mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi

Ndugu mwenye bwawa, niongeze sababu ya mambo aliyoeleza fundi, kwa kuwa mtu akiielewa sababu hatadanganyika dukani.

Maji ya ndani sana ya ardhi hayana oksijeni ya kutosha, na chuma kilichomo hukaa kimeyeyuka bila rangi yoyote. Ndiyo maana uliyaona maangavu. Yakikutana na hewa, chuma hicho huanza kugeuka kuwa kutu, na yakikutana na klorini hugeuka haraka zaidi. Kwa hiyo klorini haikuyachafua maji yako, imekifichua kilichokuwamo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba chuma kikizidi miligramu 0.3 kwa lita hutia madoa nguo na vyombo, na kuta za bwawa hupata madoa vivyo hivyo.

Tuchukue mfano wa kisima chenye miligramu 2 kwa lita, kiasi ambacho si cha ajabu. Katika lita 48,000 hiyo ni gramu 96 za chuma, nazo zikigeuka kutu yenye maji ndani yake zinakaribia gramu 180. Kutu hiyo ni punje ndogo mno, zinazoelea bila kutulia, na nyingi hupenya katikati ya mchanga wa chujio na kurudi bwawani. Kwa upande mwingine, kila gramu ya chuma huhitaji takriban gramu 0.64 tu za klorini, yaani gramu 61 kwa bwawa zima katika mfano huu. Ndiyo maana ushauri wa kuongeza klorini maradufu hausaidii: chuma kikishageuka kutu, klorini haina kazi nyingine ya kukifanyia. Kilichobaki ni kukusanya punje hizo ziwe mabonge, zizame, kisha zitolewe nje.

Manganizi ni mkaidi zaidi. Huhitaji klorini takriban mara mbili ya ile ya chuma, na hewa peke yake haiigeuzi mpaka pH (kipimo cha uasidi wa maji; ikipanda, uasidi umepungua) ipande sana. Shaba nayo, kwa kuwa tuko Katanga penye migodi ya shaba watu huishuku kwanza, huleta rangi ya kijani kibichi au buluu, si kahawia. Maji yako hayaonyeshi dalili yake.

Mama wa nyumba ya wageni, Kamalondo

Papa, nakubaliana na ndugu zangu, ila nina mambo mawili ya kuongeza kutokana na bwawa ninalolisimamia.

La kwanza, utauziwa dawa ya maji inayofunga metali ili zisionekane. Dawa hiyo ni ya kweli, nami naitumia, lakini haitoi chuma majini. Hukishika tu kisigeuke doa, na klorini huivunja polepole, hivyo inabidi iongezwe tena na tena. Inafaa kwa maji yenye chuma kidogo au kwa kulinda kuta baada ya usafi. Kwa maji ambayo tayari yamegeuka kahawia, utatupa pesa.

La pili ni njia ya bei ndogo isiyohitaji dawa. Chukua ndoo kubwa ya plastiki, itoboe matundu mengi chini, uijaze sufi ya poliesta, ile ya kujazia mito, isiyo pamba halisi, uishindilie vizuri. Iweke ukingoni mwa bwawa, upitishe maji ndani yake kwa pampu ndogo, yadondokee bwawani tena. Sufi hushika kutu mpaka inakuwa ya rangi ya chungwa, tena tabaka la juu huonekana kama limepakwa rangi kwa brashi. Unaitoa, unaiosha kwa bomba, unairudisha. Ni kazi ya polepole, lakini haipotezi maji, na inaweza kuendelea kila umeme unapokuwepo.

Mwenye bwawa, mtaa wa Golf

Aksanti sana. Nimefanya jaribio kama fundi alivyoelekeza. Ndoo isiyo na klorini ilibaki angavu mpaka usiku, na asubuhi ilikuwa na umanjano hafifu. Ndoo yenye klorini iligeuka kahawia kabla saa haijaisha, na kulipokucha chini yake kulikuwa na utando laini wa rangi ya kutu, pamoja na vipunje vichache vyeusi. Kipimo cha karatasi kinaonyesha kwamba pH ya bwawa ni 8.2. Chujio langu ni la mchanga, na vali yake ina njia sita. Niendelee vipi?

Fundi wa pampu, Kampemba

Basi ni chuma, na manganizi kidogo. Hiyo pH ya 8.2 ni ya kawaida kwa bwawa jipya, kwa kuwa saruji changa hutoa chokaa yake majini kwa wiki kadhaa, lakini lazima ishuke kabla ya kazi nyingine yoyote. Tia asidi kidogo kidogo, pampu ikizunguka, upime kila baada ya saa chache, mpaka ufikie kati ya 7.0 na 7.4. Asidi imiminwe ndani ya maji. Maji yasimiminwe kamwe ndani ya asidi. Vaa glavu na miwani, na watoto wawe mbali.

Kisha hakikisha klorini imesimama karibu na miligramu 3 kwa lita, ili chuma na manganizi yote yamalize kugeuka. Klorini yako ya chembechembe usiichanganye kamwe na vidonge vya klorini vya aina nyingine, hata katika ndoo moja au kijiko kimoja chenye unyevu: mchanganyiko huo unaweza kuwaka moto au kulipuka.

Baada ya hapo tumia shabu, yaani salfati ya alumini. Kwa bwawa lako kilo 1 inatosha kuanzia. Iyeyushe katika ndoo ya maji, uinyunyize juu ya uso wote wa bwawa, vali ikiwa kwenye njia ya kuzungusha bila kupita katika chujio, ili mabonge yasizibe mchanga. Zungusha kwa saa moja au mbili, zima pampu, na bwawa liachwe usiku kucha bila mtu kuligusa. Ningekushauri uifanye jioni ya siku isiyo na dalili ya mvua kubwa, kwa maana mvua ikipiga uso wa maji huvuruga kila kitu.

Asubuhi utaona juu maji yakiwa angavu na chini kama blanketi la kahawia. Hapo ndipo wengi huharibu kazi kwa haraka. Weka vali kwenye njia ya kutoa maji nje moja kwa moja, si ya kuchuja, na usogeze brashi ya kufyonza polepole sana, kwa mistari, bila kurudi ulikopita. Ukiona wingu linainuka, simama, subiri litulie, uendelee. Utapoteza sentimita kadhaa za maji, na si hasara.

Mwenye bwawa, mtaa wa Golf

Naelewa. Yanabaki mawili: madoa ya ngazini, na maji ya kujazia sentimita hizo, kwa kuwa yatatoka kisima hicho hicho.

Mwalimu wa kemia, Kenya

Kwa madoa, saga vidonge vya vitamini C, utie unga wake katika soksi, uilaze juu ya doa kwa dakika kadhaa. Likififia, umethibitisha kuwa ni chuma. Fanya hivyo klorini ikiwa chini, maana vitamini C na klorini huangamizana. Doa halipotei duniani. Chuma kinayeyuka na kurudi majini, lakini kwa ngazi moja kiasi hicho ni kidogo. Usisugue saruji changa kwa asidi kali wala kwa brashi ya waya.

Kwa maji ya kujazia, usiyaingize bwawani moja kwa moja. Yavute kwanza kwenye tangi, yakidondoka kutoka juu kupitia bomba lenye matundu mengi, ili yapate hewa. Tia klorini kidogo kwa ajili ya manganizi, yatulie usiku kucha, kisha chota kutoka sehemu ya juu ya tangi, si kwenye bomba la chini. Siku utakapopata nafasi, peleka chupa ya maji ghafi kwenye maabara, kwa mfano idara ya kemia ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wapime chuma, manganizi, shaba na ugumu wa maji. Sehemu ya miamba iliyo chini ya mji wetu ni dolomiti, mwamba wa jamii ya chokaa, na maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi, katika bwawa lenye pH ya juu huacha chokaa kwenye kuta na ndani ya mabomba.

Mama wa nyumba ya wageni, Kamalondo

Na watoto wasiingie mpaka mtu aliyesimama ukingoni aweze kuona wazi tundu la kutolea maji katika sehemu yenye kina kirefu. Maji ya kahawia humficha mtoto aliyezama. Ukishafika hapo, pima pH na klorini kabla hawajaingia, klorini iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na wiki za kwanza uoshe mchanga wa chujio kwa kuupitishia maji kinyumenyume kila kipimo cha mgandamizo kinapopanda kwa takriban bar 0.5 juu ya kilivyokuwa ukiwa safi, kwa sababu kutu iliyobaki itakuwa inaishia humo.