Naomba ushauri: krimu ya fangasi ukeni haijaniponya, je, nimeze kidonge?

NyotaYaZiwa (mwanzilishi wa uzi)
Hamjambo wanajukwaa. Ninaishi Manyatta, Kisumu, na jambo hili limeninyima usingizi hata nimeona heri niliandike mahali ambapo hakuna anijuaye. Ninawashwa sana ukeni, ngozi ya nje imekuwa nyekundu na huchoma ninapokojoa, tena ninatokwa na uchafu mweupe, mzito kama maziwa mala, usio na harufu. Mhudumu wa duka la dawa huko Kondele aliniuzia krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 pamoja na vijiti vya plastiki vya kuingizia. Niliitumia kwa muda mfupi, muwasho ukatulia, nikaiacha, sasa umerudi. Mwenzangu kazini humeza kidonge kimoja cha flukonazoli cha miligramu 150 na yake huisha. Kidonge nimeshakinunua. Ninachouliza ni kimoja tu: nikimeze usiku huu, au nisubiri krimu yote itoke mwilini kwanza?

MzeeWaBungoma
Binti yangu, pole. Hata hivyo, kabla ya kuzungumzia dawa, ningependa kujua mwenzi wako yuko wapi na anaishije. Zamani magonjwa ya sehemu za siri yalimfika mtu pale ambapo nyumba haikutulia. Kaeni chini mzungumze, kwa maana hakuna krimu inayotibu ndoa.

MuuguziMstaafu_Nakuru
Mzee wangu, kwa heshima zote, hapo umemwonea. Fangasi hii aghalabu husababishwa na Candida albicans, ambayo huishi mwilini mwa wanawake wengi bila kuwadhuru hadi kitu kiipe nafasi ya kuzidi. Takribani wanawake watatu kati ya wanne huipata angalau mara moja maishani, na haihesabiwi miongoni mwa magonjwa ya zinaa.

Dada, krimu ya asilimia 1 huingizwa ukeni kila usiku wakati wa kulala kwa siku 7. Ile ya asilimia 2 ni siku 3. Muwasho hutulia mapema, lakini fangasi huwa bado ipo, na ndiyo sababu dozi humalizwa hata mtu akijisikia nafuu. Katika muda huo kondomu za mpira si za kutegemewa, kwa kuwa mafuta ya krimu huzidhoofisha. Kabla sijasema lolote juu ya kidonge, nijibu mambo matatu: je, una kisukari, umetumia viuavijasumu hivi karibuni, na je, una ujauzito?

NyotaYaZiwa
Asante sana. Sukari sijawahi kupimwa. Viuavijasumu nilipewa mwezi uliopita kwa ajili ya jino. Mume wangu anafanya kazi Nakuru na huja mwisho wa mwezi, kwa hiyo suala la kondomu halipo. Bado ninaona kidonge kimoja ni rahisi kuliko usiku 7 za krimu.

MamaMapacha_Kakamega
Dada, yangu yalikuwa mazito kuliko yako. Mimi niliuziwa tyubu yenye dawa tatu ndani yake: ya fangasi, ya bakteria, na betamethasoni ya kuondoa muwasho. Nilipaka, nikapata raha ya ajabu, nikaiacha, muwasho ukarudi kwa hasira. Hali iliendelea hivyo hadi daktari aliponieleza kwamba betamethasoni hunyamazisha muwasho huku ikipunguza nguvu za ngozi za kupambana na fangasi, na kwamba tyubu ile ni ya ngozi ya nje, si ya kuingizwa ukeni. Tafadhali soma majina yote yaliyoandikwa kwenye tyubu yako, hata yale ya herufi ndogo.

MuuguziMstaafu_Nakuru
Maswali yalikuwa matatu, dada, nawe umejibu mawili.

NyotaYaZiwa
Ndiyo, ni mjamzito. Mimba inaingia mwezi wa nne. Sikusema kwa sababu kwetu mimba haitangazwi kabla haijaonekana, na kliniki nitaanza mwezi wa tano kama nilivyofanya kwa kifungua mimba wangu. Wala sikuiacha krimu kwa uvivu. Niliogopa kwamba kijiti kile kitamgusa mtoto, au dawa itampanda, kwa kuwa inawekwa karibu naye mno. Kidonge kinakwenda tumboni, mbali naye, na ndiyo maana nimekichagua.

MuuguziMstaafu_Nakuru
Hofu yako ninaielewa, lakini mambo yako kinyume na unavyoyafikiria. Krimu hubaki ukeni na ni kiasi kidogo mno kinachoingia kwenye damu, ilhali kidonge hufyonzwa, husambaa mwilini kote na humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma. Utafiti mkubwa wa Denmark uliochapishwa mwaka 2016 uliihusisha flukonazoli ya kumeza wakati wa ujauzito na ongezeko la mimba kuharibika, na ndiyo sababu miongozo huwapendekezea wajawazito krimu au vidonge vya kuingiza ukeni vya jamii hiyo ya klotrimazoli, kwa siku 7 kamili. Usikimeze. Kuhusu kijiti, mlango wa kizazi umefungwa na mtoto yuko ndani ya mfuko wake. Kiingize taratibu bila kukilazimisha, au uombe vidonge vya ukeni ambavyo huingizwa kwa kidole kilichooshwa vizuri.

Mchunguzi_Milimani
Samahani kwa kuingilia. Akaunti hii imefunguliwa leo, mwandishi anataja miligramu na asilimia bila kukosea, kisha ujauzito unazuka katikati ya uzi. Mwanamke aliyekwisha kuzaa atakosaje kujua kwamba mjamzito hamezi dawa ovyo? Ninashuku hadithi hii imetungwa na muuza dawa anayetaka kujua watu wananunua nini.

NyotaYaZiwa
Ninazitaja kwa sababu boksi zote mbili ziko mbele yangu. Akaunti ni ya leo kwa sababu tatizo langu sikuweza kuliandika kwa jina ambalo shemeji zangu wanalijua. Kama huniamini, niache wanaoniamini wanijibu.

MamaMapacha_Kakamega
Mchunguzi, mimi nilizaa mapacha na hilo la kidonge nimelijua leo. Kuzaa hakumfundishi mtu dawa.

JiraniWaKibuye
Dada, mwezi wa tano ni mbali. Shirika la Afya Duniani linashauri kliniki ianze kabla ya wiki ya 12. Si lazima ufike Russia, yaani hospitali kubwa ya Jaramogi hapa Kisumu. Kituo cha afya kilicho karibu nawe kinatosha.

MuuguziMstaafu_Nakuru
Ninaongeza mawili. Kuchoma wakati wa kukojoa kunaweza kutokana na ngozi iliyochubuka, lakini kwa mjamzito mkojo lazima upimwe, maana maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kupanda hadi kwenye figo. Sukari nayo ipimwe. Je, una homa, maumivu chini ya tumbo, au umeona damu? Ukiwa na mojawapo, nenda hospitali leo hii.

NyotaYaZiwa
Homa sina, damu sijaona, tumbo haliumi. Krimu nitaianza upya usiku huu, ingawa kliniki ningependa kumsubiri mume wangu anisindikize. Naomba jambo moja zaidi: iliyobaki kwenye tyubu haitoshi siku 7, je, ninunue nyingine, au niombe vile vya kuingiza kwa kidole?

MuuguziMstaafu_Nakuru
Omba vya kuingiza kwa kidole, vya miligramu 100, kimoja kila usiku, na umwambie mhudumu waziwazi kwamba una mimba. Iliyobaki kwenye tyubu paka nje panapowasha. Mume hatakupimia mkojo, dada. Nenda kesho asubuhi.

NyotaYaZiwa
Kesho nina zamu. Nitaomba ruhusa ya kesho kutwa.