Naomba ushauri: kunakili kompyuta kabla ya kusasisha programu ya kuhariri video
Ndugu wanachama, naomba ushauri wenu kabla sijabonyeza kitufe cha kusasisha. Programu ninayotumia kuhariri video imetoa toleo jipya, nami nina mradi wa dakika 40 ambao haujakamilika, na kwa kawaida mradi ukishahifadhiwa katika toleo jipya haufunguki tena katika la zamani.

Tayari nimenakili folda ya miradi kwenye diski ya nje. Nilipoijaribu nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, mpangilio wa vipande ulionekana wote, lakini kila kipande kilikuwa chekundu, kikiwa na ujumbe kwamba faili halipatikani. Ndipo nilipokumbuka kwamba faili la mradi huhifadhi njia ya kuifikia video, si video yenyewe. (Afadhali nimelijua mapema.) Video ghafi na fonti bado ziko kwenye diski ya ndani.

Je, inatosha kuzinakili hizo pia, au nitengeneze nakala ya diski nzima ili mambo yakiharibika niirejeshe kompyuta kama ilivyokuwa, pamoja na toleo la zamani la programu? Na nitahakikishaje kwamba nakala hiyo inarejesheka kweli, bila kuifuta diski ninayoitumia sasa?