Tupeane uzoefu: Viongozi wanaoomba kura kwa ubabe na vitisho, sisi wa Kigoma na Tabora tumeyaona yapi?

Mwana Ujiji (mwanzisha mada)

Ndugu zangu wa Kigoma na Tabora, mliowahi kuhudhuria mikutano ya kampeni kama wasikilizaji, wasimamizi wa uchaguzi au wagombea, naomba tuandike hapa yale tuliyoyaona kwa macho yetu kuhusu viongozi wanaotafuta kuungwa mkono kwa kutunisha kifua na kuwatia watu hofu. Sitafuti matusi dhidi ya chama chochote, na ninawasihi tusitaje majina ya watu wa mitaani kwetu. Ninachotaka tukieleze ni jinsi mchezo wenyewe unavyochezwa: ni maneno gani hutumika, ni nani hugeuzwa adui, na ni swali gani huacha kuulizwa mara hofu inapoingia. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi.

Naanza mwenyewe. Katika kampeni za udiwani za kata yetu, mgombea mmoja alikuwa akifika mkutanoni akitanguliwa na vijana vifua wazi wanaokimbia mchakamchaka mbele ya gari la matangazo, na akishapanda jukwaani huwauliza watu kama wanamtaka mwanamume au wanamtaka mwandika barua. Watu walishangilia sana. Wakati huo mwalo wetu, pale boti za uvuvi zinaposhusha samaki, haukuwa na choo, vichanja vya kuanikia dagaa vilikuwa vimeoza, na ushuru ulikuwa ukikusanywa kila asubuhi kama kawaida. Mvuvi mmoja mzee akasimama kuuliza ushuru huo unakwenda wapi, kwa kuwa mgombea huyo alikuwa tayari amekaa kwenye uongozi wa mtaa. Jibu alilopewa ni kuulizwa yeye ametoka ng'ambo gani ya ziwa, na ni nani aliyempa ruhusa ya kushika kipaza sauti. Umati ukacheka, mzee akakaa. Mzee yule amezaliwa Ujiji, na baba yake amezaliwa Ujiji. Wote tunaoishi mpakani tunajua uzito wa kuambiwa hadharani kwamba wewe si raia: kuanzia siku ile hata jamaa zake walimwomba anyamaze, na habari ya ushuru haikuguswa tena mpaka siku ya kupiga kura.

Mama wa Mwandiga

Asante kaka kwa kuanzisha jambo hili. Mimi niligombea udiwani, na yaliyosemwa juu yangu yalikuwa ya aina hiyo hiyo. Mpinzani wangu alijenga kampeni yake yote juu ya majambazi wanaopora injini za boti ziwani usiku. Hofu hiyo ni ya kweli, kwa kuwa kuna wavuvi waliopoteza mali na wengine maisha, nami sikuwahi kuipuuza. Alichokifanya yeye ni kuichukua hofu hiyo ya kweli na kuwauliza watu: "Mtamtuma mwanamke akapambane na majambazi?"

Mnaofahamu kazi ya diwani mnajua kwamba diwani hapambani na majambazi. Diwani hukaa kwenye baraza la halmashauri, hupitisha bajeti, husimamia miradi ya kata na kuwabana watendaji waeleze fedha zimetumikaje. Doria ya ziwani ni kazi ya polisi, na hata mwanamume mwenye misuli kiasi gani hapewi bunduki kwa sababu ameshinda udiwani. Nilizunguka na karatasi za bajeti nikieleza mambo hayo nyumba kwa nyumba. Sikushinda. Aliyeshinda hakuleta hata boti moja ya doria katika kipindi chake chote, wala hakuna aliyemdai, kwa sababu kila aliyejaribu kumdai aliambiwa kwamba anawatetea majambazi.

Ningependa vijana walielewe hili: hofu haikuundwa na mgombea, ilikuwapo. Ubabe ulikuja kuiziba midomo ya watu wasiulize nani hasa mwenye wajibu wa kuiondoa.

Mkazi wa Kasulu

Kwetu ilikuwa kamchape. Kwa wasiofahamu, hao ni watu wanaojiita wataalamu wa kufichua uchawi, ambao huingia kijijini, huchimbua makazi ya watu wakidai kutoa vifaa vya kichawi, na huwatoza fedha wale waliowataja. Katika uchaguzi wa serikali ya kijiji, mgombea wa uenyekiti aliahidi kwamba akishinda atawaleta "kusafisha kijiji," kwa kuwa yeye peke yake ndiye haogopi wachawi. Alilisema hilo akitembea katikati ya watu, akigonga kifua, akiwaangalia vikongwe mmoja mmoja. Nakumbuka jinsi watu walivyogeuza shingo kufuata macho yake.

Alishinda bila taabu. Kamchape walipofika, nyumba za wazee wawili wajane zilibomolewa, na michango iliyokusanywa haikusomwa kwenye mkutano wowote wa kijiji. Sheria inataka mapato na matumizi ya kijiji yasomwe mbele ya wananchi kila baada ya miezi mitatu. Ni nani angesimama kudai yasomwe, huku akijua kwamba mwenyekiti anaweza kuelekeza kidole kwa mama yake? Mimi nilikuwapo, na najua watu wazima, wenye elimu yao, waliojaza mifuko ya michango kwa sababu hiyo tu.

Kijana wa Nguruka

Huku wilaya ya Uvinza kwetu adui alikuwa mfugaji. Mgombea aliapa kuwafukuza wote kwa fimbo ndani ya wiki moja. Alipopata kiti, mifugo iliongezeka, na wakulima wenye mashamba yaliyoliwa wanaendelea kukimbizana na kesi zao wenyewe. Sina zaidi ya hayo.

Mkalimani, Kibondo

Mimi nina simulizi la upande wa pili wa mpaka, kwa sababu nimefanya kazi ya ukalimani kwa wakimbizi, nasi Waha tunasikilizana na Warundi pasipo shida kubwa. Mwezi Mei mwaka 2015, baada ya Rais Pierre Nkurunziza kutangazwa kugombea kwa muhula wa tatu na Bujumbura kulipuka kwa maandamano, makumi ya maelfu ya watu walirundikana katika kijiji cha Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mahali palipobanwa na milima kiasi kwamba njia rahisi ya kutoka ni ya maji. Kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba ikawa inawachukua kwa zamu mpaka Kigoma mjini, wakapokelewa katika uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu.

Niliowasikiliza walinifundisha jambo ambalo sikulitarajia. Nkurunziza hakuwa mtu wa kufoka jukwaani. Walimweleza kama mtu wa mpira na wa sala, aliyelima na wanakijiji na kucheza nao uwanjani, na wengi walikuwa wamempenda kwa dhati. Vitisho vilifanywa na wengine: vijana wa umoja wa chama chake, Imbonerakure, ambao walipita kwenye vilima wakiuliza kwa nini fulani haonekani mikutanoni. Baba mmoja aliniambia kwamba aliondoka bila kupigwa na bila kutishwa kwa neno. Vijana walikuja tu kuhesabu watu wa nyumba yake, wakaandika, wakaondoka. Alipakia watoto usiku ule ule.

Kwa hiyo nawaomba tusimtazame mwenye kifua peke yake. Tuwatazame pia wale wanaomtangulia na wale wanaobaki nyuma mkutano ukiisha.

Mwana Ujiji

Mkalimani, umenikumbusha wazee wetu waliokuwa wakivusha biashara kwenda Uvira na Kalemie enzi za Mobutu, rais wa Zaire, ambayo leo ni Kongo. Walikuwa wakisimulia kofia ya ngozi ya chui, fimbo mkononi, na jinsi taarifa ya habari ya televisheni ilivyoanza kwa sura yake ikishuka kutoka mawinguni. Kila raia alihesabiwa kuwa mwanachama wa chama chake tangu kuzaliwa. Mtu huyo mwenye majina ya kishujaa alishindwa kuwalipa askari wake mishahara ya maana, mpaka wakaupora mji wa Kinshasa mwaka 1991, na mwezi Mei mwaka 1997 jeshi lake lilitoweka mbele ya waasi wa Laurent Kabila bila mapigano makubwa ya kuulinda mji mkuu. Kwa zaidi ya miaka 30 hakukuwa na mtu ndani ya nchi ile aliyeweza kumuuliza mishahara imekwenda wapi akabaki salama.

Mkulima wa Urambo

Siasa si za serikali peke yake. Katika chama chetu cha msingi cha tumbaku, mwenyekiti alikuwa akija mkutano mkuu na mgambo, na kila mwanachama akitaka kujua makato kwenye malipo yake, aliambiwa: "Mimi nikiondoka leo, kampuni hainunui robota hata moja hapa." Mkulima ambaye amechukua pembejeo kwa mkopo, ambaye bani lake la kukaushia tumbaku limejaa na ambaye watoto wanasubiri ada, hana ujasiri wa kulipima neno kama hilo. Tulikaa kimya msimu baada ya msimu. Ukaguzi ulipofanyika, madeni ya watu wasiokuwapo yalionekana yamegawanywa kwa wanachama waliopo. Mwenyekiti aliondoka, na kampuni ilinunua tumbaku kama ilivyokuwa ikinunua, kwa sababu ilikuwa inataka tumbaku na haikuwa na haja na mwenyekiti.

Mdau wa Nzega

Nawaheshimu wote, lakini naona mnaelekea kukosea. Nchi bila ukali haiendi. Mbona marehemu Sokoine, akiwa waziri mkuu, alipowabana wahujumu uchumi mwaka 1983 tulimpenda, na mpaka leo tunamlilia? Wananchi wanataka mtu anayeogopwa, kwa sababu wezi hawasikii lugha ya upole.

Mwalimu mstaafu, Tabora

Mwanangu wa Nzega, hoja yako ni ya haki na inastahili jibu kamili. Wananchi wanapomtaka mtu mkali, mara nyingi ni kwa sababu wameonewa na wezi wasioguswa, na kiu hiyo haina aibu. Nilikuwa mtu mzima mwaka 1983. Ni kweli Sokoine aliheshimiwa, naye mwenyewe hakujilimbikizia mali. Lakini kumbuka pia waliokamatwa: pamoja na walanguzi wakubwa walikuwamo wenye viduka waliokutwa na katoni za sabuni, na watu waliwekwa ndani kwanza, hoja zikatafutwa baadaye. Hata ukali wa mtu mwema unahitaji mahali ambapo aliyekamatwa anaweza kusema neno lake.

Sasa nikupe mfano wa mbabe halisi, ambaye vijana wa miji yetu hii walikwenda kupigana naye. Idi Amin alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda kabla ya kuwa rais, na hakuacha ulingo alipoingia Ikulu mwaka 1971. Alimpelekea Mwalimu Nyerere ujumbe wa kumdhihaki kwamba angekuwa mwanamke angemwoa, ijapokuwa ana mvi. Alijipa cheo cha mshindi wa dola ya Uingereza, na mwaka 1975 akabebwa na wazungu mabegani mbele ya kamera. Mwaka 1972 aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na umati ukashangilia, ukiamini kwamba maduka yatakuwa ya wananchi. Maduka waligawiwa wanajeshi na wapambe, na baada ya muda sukari na chumvi vikawa vya kutafuta kwa tochi. Palipokuwa hakuna cha kugawa tena, aliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Aprili 11 mwaka 1979 Kampala ilianguka, na bingwa akakimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, alikofia mwaka 2003. Sikusikia kwamba aliwahi kueleza mbele ya chombo chochote wale waliouawa walipotelea wapi.

Halafu linganisha na yaliyotokea hapa hapa Tabora, Januari 1958. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, tena kwa masharti ya kipato, elimu au wadhifa yaliyowaacha nje Waafrika walio wengi. Wajumbe wengi wa mkutano wa TANU walifika wakiwa na hasira ya haki, wakitaka kususia. Msimamo wa kususia ndio uliokuwa na sauti ya kiume siku ile, na kiongozi anayetaka kupendwa angeudaka akapigiwa makofi. Nyerere alisimama upande usiopendeza, akaeleza kwamba wakisusia, viti vitakwenda kwa wapinzani wao na TANU itabaki nje ikipiga kelele. Alipingwa, akajibu, akapingwa tena, akajibu, mpaka wajumbe wakakubali. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka na kuanzisha chama chake cha Congress, na hakuna aliyemvunja miguu kwa kutoka. TANU na waliowaunga mkono walishinda uchaguzi huo uliofanywa kwa awamu mbili, mwaka 1958 na 1959, na uhuru ukaja Desemba 1961. Wazee wa mji huu bado wanauita Uamuzi wa Busara.

Ukali ule ulikuwa wa kukubali kuulizwa na watu wenye hasira. Ni mgumu kuliko kugonga kifua, na nakuomba, mwanangu, uupime huo kwa mgombea wako ajaye.

Mdau wa Nzega

Shikamoo Mwalimu. Nimekuelewa kuhusu Amin. Bado nasema wezi wanatuzidi nguvu, na mtu mpole akiingia watamla. Lakini nakubali kwamba yule tuliyempa kura huku kwa sababu ya ukali wake hajawahi kufanya mkutano wa kusikiliza kero, na tulipomwandikia hakujibu.

Mwana Ujiji

Nauliza jambo moja la vitendo kwa Mama wa Mwandiga, kwa kuwa umekuwa jukwaani na chini ya jukwaa. Mtu afanyeje pale anapotaka kuuliza na anajua ataaibishwa kama yule mzee wa mwaloni?

Mama wa Mwandiga

Kaka, asiulize peke yake. Sisi akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa tulikaa kabla ya kampeni zilizofuata, tukaandika swali moja tu, la fedha za zahanati. Tuligawana wasimamaji: wa kwanza akizomewa, wa pili analirudia neno kwa neno, na wa tatu vile vile, bila kuongeza tusi wala kujibu dhihaka. Kwa mgombea wa kwanza tulifika msimamaji wa nne ndipo akasema fedha hazijui. Wa pili alijibu mara moja, akataja kiasi na mkandarasi, na kesho yake tukaenda ofisi ya kata kuhakiki. Kiasi alichotaja kilikuwa pungufu ya kilichoandikwa ubaoni, na swali la tofauti hiyo ndilo tutakaloanza nalo mkutano ujao wa kata.