Maji ya udhu kumwagilia miti ya msikiti: sheria inasemaje, na kifundi inafanywaje?

Mwanakamati_Tanga
Assalaam alaykum. Kamati yetu inataka maji ya udhu yasiishie kwenye karo la choo, yaende kwenye miti uani. Wanaotawadha ni wastani wa watu 60 kila sala, na Ijumaa hufika 300. Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Je, maji yaliyokwisha kutawadhiwa yanaruhusiwa kumwagilia? Na tuanzie wapi? Mwenzetu mmoja anataka yachujwe yarudi kwenye simtanki, tutawadhie tena.

Maalim_Baraza
Waalaykum salaam. Kwa madhehebu ya Shafi, maji yaliyotumika kwa udhu wa faradhi ni tohara (safi kisheria) lakini hayatoharishi tena, yaani hayafai kutawadhia. Kumwagilia miti au kuondoa vumbi uwanjani hakuna ubaya.

Kutawadhia tena ndiko kwenye maneno. Yakikusanywa hadi kulateni, takriban lita 216 kwa hesabu iliyozoeleka, na hayajabadilika rangi, ladha wala harufu, kauli yenye nguvu ni kwamba yanarudi kutoharisha. Lakini maji ya watu waliosukutua, wakapandisha puani na kuosha miguu yakilala siku moja tankini yananuka. Mpango huo uacheni.

Jambo la kuogopa ni mahali pa kustanjia (kujisafisha baada ya haja). Najisi ikiingia kwenye maji yaliyo chini ya kulateni, yananajisika hata kama huoni badiliko lolote. Basi paipu ya chooni na ya udhu zisikutane popote kabla ya miti.

Tena msitafute maji ya kumwagilia kwa kuachia mabomba. Katika hadithi ya Anas, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja na kuoga kwa pishi moja (mudi nne) hadi mudi tano. Mudi ni kibaba, kama theluthi mbili za lita. Kupita mara tatu katika kuosha kiungo ni makuruhu, jambo lisilopendeza kisheria.

Na matunda: ni mali ya msikiti, huuzwa fedha zikaingia kwenye maslahi yake, isipokuwa aliyepanda alinuia yawe ya kila mpita njia. Nia hiyo iandikwe kwenye daftari la kamati kabla ya kupanda. Ugomvi wa maembe hauna mwisho.

FundiPaipu
Maalim amenirahisishia kazi: kutenganisha paipu ndiko hata fundi angeanza nako.

Kabla ya kuchimba, pimeni. Wekeni ndoo ya lita 10 chini ya bomba. Ikijaa kwa dakika moja, mtu anayetawadha dakika mbili bila kufunga amemaliza lita 20, yaani mudi 30. Fungeni koki ndogo nyuma ya kila bomba, mrekebishe hadi ndoo ijae kwa dakika tatu, kisha mwondoe mshikio wake watoto wasiifungue. Mabomba ya kubonyeza sikushaurini. Chumvi ya kisima hukamata springi, bomba linabaki wazi usiku kucha, na mnapoteza kuliko mlichookoa.

Mkifika lita 5 kwa mtu, ni lita 1,500 kwa siku ya kawaida. Ijumaa kiasi hicho hicho hushuka kwa nusu saa tu, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu fundi alikadiria Jumanne.

Paipu iwe ya inchi 3, mteremko sentimita 2 kwa kila mita. Kabla ya miti jengeni chemba ya sentimita 60 kwa 60, kina 60, ya kutulizia mchanga wa miguu. Paipu ya kutokea iwe na elbo (kiungo cha kona) inayotazama chini ndani ya maji, ili nywele na povu vibaki juu. Mfuniko ubane sawasawa, la sivyo mtafuga mbu. Mchanga uchotwe kila wiki mbili. Ukifika kwenye mdomo wa elbo, unaingia kwenye paipu, na huko hautoki bila kufukua.

Matandazo
Msitumie matundu madogo ya matone, yataziba ndani ya mwezi. Chimbeni mabeseni manne kuzunguka miti, kila moja kipenyo mita 2 na kina sentimita 25, mjaze makumbi ya nazi. Nusu ya nafasi hubaki wazi, kwa hiyo kila beseni hubeba kama lita 390. Manne yanameza maji yote ya sala yenu ya Ijumaa. Vumbi la mbao hapana, hugandamana. Kuzunguka shina acheni kichuguu kikavu, maji yasiguse gome.

Kwa maji ya chumvi: minazi, mwarobaini, mkungu wa kivuli. Migomba itakunywa mengi lakini ukingo wa majani ukianza kuungua, chumvi imezidi. Mparachichi na michungwa sahauni, hata kama Muheza ya machungwa iko jirani. Mchicha na mboga zinazoliwa mbichi zisiguswe na maji haya.

Mwanakamati_Tanga
Shukrani. Je, siku ya kusugua marumaru kwa dawa ya klorini? Na masika?

FundiPaipu
Baada ya chemba wekeni ti (kiungo cha njia tatu) yenye koki mbili, moja ya miti, nyingine ya shimo la kufyonza maji ardhini, lililojazwa mawe. Siku ya dawa geuzeni kwenye shimo, mrudishe baada ya kusuuza mara mbili. Masika yote yaende shimoni, mvua ioshe chumvi kwenye mabeseni. Koki zipakwe rangi mbili tofauti, na anayezigeuza awe mtu mmoja, mwadhini au mfagiaji. Zikigeuzwa na kila mtu, siku moja zote mbili zitafungwa na maji yatarudi kwenye miguu ya waumini.