Wilaya za barabara kuunganishwa, tangazo nimeliona zimebaki siku nne

Kijiti_88:
Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa anayejua mambo ya huku Marekani. Barabara zetu za changarawe ziko chini ya wilaya ya barabara, ina makamishna wake wa kuchaguliwa na kodi yake kwenye mali zetu, sasa wanataka kuiunganisha na ya jirani. Tangazo nimelikuta kurasa za nyuma kabisa za gazeti, kikao cha kusikiliza maoni ni siku nne zijazo. Je hicho kikao ndio uamuzi wenyewe? Na sisi tusionunua gazeti nasi tunahesabiwa tumeambiwa?

MzeeWaMitaro:
Mkuu, kikao sio kura. Wanalazimika kukusikiliza, hawalazimiki kukubaliana na wewe. Kama kutakuwa na kura baadaye hiyo inatokana na sheria ya jimbo lenu, muulize karani wanatumia kifungu gani akuandikie. Gazeti kwa kawaida linatosha, likishachapwa mnahesabiwa mmeambiwa hata kama hakuna aliyelifungua, inauma lakini ndivyo ilivyo. Ila sheria hutaja pia lichapwe mara ngapi na siku ngapi kabla, hapo ndo pa kuchimba. Kata ule ukurasa uutunze, hesabu siku, zikipungua lisemee palepale kikaoni na uache barua, maana mkifika mahakamani swali la kwanza huwa mlipinga wakati ule au mlinyamaza.

Nuru_T:
Mimi sipingi kuunganisha. Angalia Ada County kule Idaho, wapiga kura walipitisha mwaka 1971 na mpaka leo wilaya moja inashika barabara za kaunti nzima pamoja na za mji wa Boise, makamishna 5 tu. Greda moja linaweza kuhudumia wengi badala ya kila wilaya kununua lake likae bandani. Kinachonitisha ni madeni. Waulize hatifungani walizokopa wale wa jirani zitalipwa na nani, waliokopa peke yao au wote? Na kodi itapanda kiasi gani? Na mipaka ya kuchagua makamishna itachorwaje, maana leo mna watu wenu watatu mnawajua mpaka majumbani, kesho mnaweza kubaki na mmoja au msiwe naye kabisa na kalvati lenu likizibwa hamna wa kumpigia.

Asha wa Darajani:
Naongezea, nenda na maandishi. Sisi tulienda watu sita tukaongea kila mmoja dakika tatu, kumbukumbu za kikao zilipotoka sisi watano tumeandikwa "walitoa maoni" basi, mama mmoja aliyeleta barua ndio hoja zake zote ziliingia mpaka na namba za barabara

Kijiti_88:
Asanteni sana aisee. Nimetoka kwa karani sasa hivi, lilichapwa mara moja tu na sheria yao inasema mbili. Barua naandika usiku huu.