Kibanda cha gemu: nichukue PS4 Fat, Slim au Pro?

Kijana wa Mbagala: Habari za jioni wakuu. Nafungua kibanda cha gemu mtaani, vijana waje wapige FIFA. Nahitaji PS4 (mashine za gemu za Sony) mbili za mtumba, sijui nichukue Fat ya mwanzo, Slim nyembamba au Pro. TV nilizonazo ni za inchi 32 za kawaida. Muuzaji ananing'ang'aniza Pro, anasema ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Hela ni ya kujibana na LUKU nanunua mwenyewe. Naombeni ushauri.

Baba Swaumu: Achana na Pro mkuu. Ilitoka Novemba 2016 kwa ajili ya TV za 4K, zile za picha kali zaidi. Kwenye hizo zako, vijana wataona mpira uleule, ila umeme italamba zaidi. Pro za mwanzo, zenye namba ya modeli CUH-7000, feni zake zina kelele mno. Kama moyo umeganda kwenye Pro, tafuta CUH-7200 ya 2018, ndiyo iliyotulia.

Fundi Pedi: Mimi nakazia namba. Igeuze mashine usome kibandiko, maana "Fat" peke yake haikwambii kitu. Fat ziko za CUH-1000, 1100 na 1200. CUH-1000 ni ya 2013. Hiyo na CUH-1100 vitufe vyake ni vya kugusa tu, na cha kutolea CD kikianza usumbufu mashine inatema CD mechi ikiendelea. Kwenye kibanda huo ni ugomvi, watu wamelipia! CUH-1200 ya 2015 wameweka vitufe vya kubonyeza, ni nyepesi na inakula umeme kidogo. Slim, CUH-2000 kwenda juu, inakula kidogo zaidi na inashika Wi-Fi ya 5 GHz, ile ya kasi zaidi. Iliyoondolewa ni tundu la sauti la optiko, ambalo wewe hulihitaji.

Kwa biashara yako: Slim kwanza, ukikosa chukua 1200.

Kijana wa Mbagala: Shukrani sana fundi. Nafasi ya GB 500 ya kuhifadhia gemu si itajaa mapema?

Fundi Pedi: Ikijaa unabadilisha disk ya ndani. Inapokea hata disk ya kawaida ya laptop ya inchi 2.5. Au chomeka ya nje kwa USB, PS4 zinakubali tangu 2017.

Dada Gemu: Kaka, kabla hujatoa hela, waombe waiwashe upige mechi nzima, usikilize feni. Tikisa kidogo waya wa HDMI, ule wa kupeleka picha kwenye TV. Picha ikikatika, tundu limechoka. Halafu ingia kwenye mipangilio uangalie toleo la programu. Liwe 9.00 ya Septemba 2021 au la baadaye. Chini ya hapo, kibetri cha saa ndani kikifa na huna intaneti, hata CD inakataa kucheza.

Kijana wa Mbagala: Hilo la kibetri sikulijua kabisa, asante dada. Na pedi za kuchezea je?

Dada Gemu: Jaribu zote mbili. Usishike kitu, umwangalie mchezaji uwanjani: akitembea mwenyewe, analogi (kile kijiti cha kuelekeza) imeliwa, mwambie muuzaji apunguze bei au akupe nyingine.